Machicha kwa Mtoto Kwanza, Kisha kwa Kuku

Mama mkwe wangu ana msimamo mmoja kuhusu chakula: hakichezewi. Ni mtu wa Pangani, na katika malezi yake punje ya mchele iliyodondoka mkekani huokotwa ikarudi unguoni. Aliponikuta nimemmwagia mwanangu unga wa ngano kwenye sinia aupapase, kama nilivyoona wazazi wa nje wakifanya mitandaoni, hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo si riziki?" akatoka zake barazani.

Sikuwa na jibu. Hata leo naona hoja yake ina uzito kuliko ya wale wanaotia mchele rangi ya buluu na kujaza beseni zima ili mtoto azamishe mikono. Mchele wa namna hiyo kwetu ni mlo wa mchana, na mtoto anayekulia kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga anachezea mbele ya macho ya watu wengi. Jirani aliyekopa unga jana asubuhi hawezi kuutazama unga wako ukikanyagwa leo jioni akakuelewa.

Lakini na mimi nilikuwa na shida yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Tabata. Mtoto wa mwaka na nusu na chumba cha ushonaji havipatani: kuna sindano, mkasi, pasi ya moto, na vifungo ambavyo kwake ni peremende tu. Kumfunga mgongoni siku nzima haiwezekani, na kumpa simu nilikuwa nimeanza kuona matokeo yake. Ukimnyang'anya, analia kama aliyechapwa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili linasema isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huo awe katika mwendo angalau dakika 180 kutwa, yaani saa tatu za kutambaa, kupanda, kubeba na kumwaga. Anayemwaga anahitaji kitu cha kumwaga.

Jibu lilitoka kwa mama mwenyewe. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi za wali. Akachuja tui la kwanza, akachuja la pili, na badala ya kuyatupia kuku yale machicha akayakung'uta kwenye beseni dogo la kijani, akamsogezea mjukuu wake. "Mpe haya. Akishiba mchezo, kuku watapata yao."

Tangu siku ile kanuni ya nyumbani ikawa hiyo: mtoto anachezea kile ambacho jiko limekwisha kukitumia, kabla hakijafika kwa kuku, kwenye mchicha au jalalani. Ukiishi Pwani utashangaa vitu hivyo vilivyo vingi. Kuna machicha, maji ya kuoshea mchele, maganda ya njegere na majani ya mahindi mabichi, pumba, makapi ya ukwaju uliokwisha kukamuliwa na kutolewa kokwa. Wiki nzima hupita bila mama kuguna hata mara moja.

Machicha ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Yakikamuliwa mara mbili hubakiwa na unyevu kiasi tu: ukiyaminya yanashikana, ukiyagusa kwa kidole yanaachana. Yana mafuta kidogo, kwa hiyo mikono ya mtoto hutoka laini, na akitia mdomoni, naye atatia tu, hakuna kesi. Mwanangu alianza kwa kuyachota kwa kiganja na kuyarusha. Baada ya siku kadhaa aliomba kikombe, akajaza, akapindua, na machicha yakatoka yamesimama kama kikombe chenyewe. Alibaki anayatazama. Akagusa juu kwa kidole kimoja, yakabomoka, akacheka mpaka akakaa chini. Alirudia mchezo ule mpaka nikamaliza kupinda marinda ya gauni zima. Tahadhari yake ni moja: kwa joto la Dar, machicha ya asubuhi huanza kuchacha mchana. Hayalazwi.

Kliniki, muuguzi alipompima uzito aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: "Mama, huwa unacheza naye vipi? Na unaongea naye vipi?" Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua kwamba maswali hayo yamo katika mafunzo yaliyoandaliwa na WHO na UNICEF kwa ajili ya wahudumu wa afya, na kwamba kwetu Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambamo nafasi ya mtoto kujifunza mapema imewekwa safu moja na lishe na afya. Nikamweleza habari za beseni na machicha. Akacheka, akasema, "Endelea hivyohivyo, ila usikae kimya. Mtajie anachokifanya."

Hilo la kutaja ndilo lililonigharimu juhudi, kwa sababu fundi akishona hasemi, midomo imeshika pini. Nilijizoeza. "Umejaza. Imemwagika. Hii nzito. Hii kavu. Ongeza. Basi, imekwisha." Maneno mafupi, yaleyale, kila siku, wakati uleule kitu kinapotokea mkononi mwake. "Nzito" hueleweka kopo la maji likiwa mkononi. Kwenye kitabu cha picha ni kelele tu. Mwanangu alianza kuunganisha maneno mawili akiwa mbele ya beseni: "Maji mwaga." Nilisikia nikiwa nimekaa kando yake.

Maji, basi. Yanatakiwa kuwa ya kwanza, kwani hayana gharama yoyote mradi uliyapanga. Kwetu maji ya bomba yana siku zake, na siku nyingine tunanunua kwa ndoo, kwa hiyo sithubutu kumpa mtoto maji safi ayamwage. Nampa yale ya kuoshea mchele, meupe kama maziwa, au ya kusuuzia mboga. Namwekea kopo moja kubwa, moja dogo, kata, chujio kuukuu na kipande cha sponji. Sponji ndiyo kazi kubwa. Kuminya sponji kunataka vidole vyote vitano na kiganja, na mkono ule unaominya leo ndio utakaokuja kushika penseli. Akimaliza, maji yanakwenda kwenye mchicha uliopandwa kwenye magunia, na yeye ndiye anayeyapeleka kwa kopo lake, safari baada ya safari, nusu yakiwa yamemwagikia miguuni.

Jirani yetu mmoja anafundisha chekechea ya mtindo wa Montessori. Alipoona safari zile za mchicha alisema kwamba shuleni kwao wanalipisha ada kwa jambo hilohilo. Alinieleza kwamba Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliwapa watoto wadogo kazi za kweli, kumimina, kufagia, kuosha, kwa vyombo vinavyowatosha mikono. Ndiyo maana sasa mwanangu ana fagio lake la chelewa lililokatwa fupi. Anafagia vibaya sana. Anafagia hata hivyo.

Siku ya muhogo naikumbuka zaidi, na hiyo pia ni elimu ya mama mkwe. Kwao wanga wa kutia kanzu hautoki dukani. Alimenya mihogo mitamu, akaikuna, akaikamua kwa kitambaa kwenye beseni la maji, akayaacha maji yatulie. Akamwaga maji ya juu, akaongeza mengine, akakoroga, akaacha tena, akarudia mpaka maji yakawa maangavu na chini kumelala tabaka jeupe. Nilikuwa nataka kulikausha. Mtoto akawahi kutia mkono.

Alipolipiga kwa kiganja, lilikuwa gumu. Likatoa mlio, pa! Alipouacha mkono pale juu bila kupiga, vidole vikazama taratibu kama kwenye uji. Akavuta kwa nguvu, vikanasa. Akalegeza, vikatoka. Aliokota bonge, likakaa mkononi wakati anaminya, na mara alipofungua kiganja likayeyuka na kudondoka kati ya vidole. Alinitazama mimi, akamtazama bibi yake, kama anayetaka kujua nani kati yetu anamfanyia mzaha.

Sababu yake ni rahisi kuieleza kwa mkubwa. Punje za wanga ni ndogo mno na zimesongamana, maji yamejipenyeza katikati. Ukigusa polepole, maji yanapata muda wa kupita na punje zinateleza. Ukipiga ghafla, hayapati muda, punje zinakamatana, na pale ulipopiga panakuwa pagumu kwa dakika ile. Asiye na muhogo anaweza kutumia kona flawa ya dukani, vikombe viwili kwa kimoja cha maji, kuongeza au kupunguza kwa macho. Sembe na unga wa ngano havifanyi hivyo. Vitakupa uji tu. Muhogo mchungu usiuguse kwa mchezo huu, na hata ule mtamu, maji yake ya kwanza namwaga mwenyewe, mtoto hayafikii. Wanga wa siku ile mama aliukausha, akautia kwenye kanzu ya Ijumaa ya mume wangu, na ilisimama vizuri tu.

Rangi nazo zipo jikoni. Zile za maji za dukani niliwahi kuzinunua na sikuona faida yake: zinakuja kwenye kiboksi kidogo, mtoto anachanganya zote zinakuwa kahawia mara moja, na sijui zimetiwa nini. Binzari ya manjano, kijiko kimoja kwenye uji mwepesi wa wanga, inatoa rangi ya kupaka kwa vidole ambayo hata akiilamba haitamdhuru. Karatasi ni zile za kukatia mitindo, ambazo fundi hakosi. Binzari inashika kwenye nguo, kweli, kwa hiyo mchoraji hukaa na nepi tu. Ila ina uchawi wake. Nilipomsugua viganja kwa sabuni ya mche, manjano yaligeuka mekundu kama kutu, na povu nalo likawa jekundu. Mama alishtuka, akadhani mtoto amejikata. Nikakamulia limau, manjano yakarudi. Binzari hubadilika rangi ikikutana na sabuni yenye magadi, na tindikali ya limau huirudisha. Doa lililobaki kwenye shuka nililianika juani, na jua la Dar lililimaliza.

Choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, nayo ni hivyo. Maji yake yakitiwa limau yanang'aa wekundu. Yakitiwa magadi kidogo yanaingia buluu chafu yenye ukijani. Magadi nayatia mimi, kwa kuwa yanawasha ngozi na macho. Piko sitaki kuiona karibu na mtoto. Hina ya majani haina neno, lakini piko, ile nyeusi ya kuharakisha, ina kemikali inayoweza kumbabua mtu mzima, sembuse mtoto.

Tukiwa hapo kwenye hatari, tuzimalize, maana watu hupenda picha za watoto waliopakaa uchafu na kusahau upande huu. Maji ni ya kwanza. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, kimya, bila kupiga mayowe, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hajui kujiinua. Kwa hiyo akicheza na maji mimi sishoni. Nakaa naye au nampa mtu kazi hiyo kwa jina lake, si "nyote mwangalieni". Mchezo ukiisha, beseni linamwagwa hapohapo. Pili ni punje. Maharage, mbaazi, karanga na vifungo havimfikii kabla hajatimiza miaka mitatu, hata kama video inaonyesha mtoto wa mwaka mmoja akivichota kwa kijiko. Harage moja kwenye koo au puani ni safari ya hospitali. Tatu ni unga mbichi wa ngano: unaonekana mpole lakini unaweza kuwa na vijidudu vya tumbo, kwa hiyo kama ni wa kuchezea naupika.

Udongo una mjadala wake. Mume wangu alikulia kwenye tope na haoni tatizo. Mimi naona paka. Uwanja wetu una paka wasio na mwenyewe, na mchanga wa fundi ujenzi uliorundikwa pale nje ndio choo chao. Minyoo haina masihara na mtoto anayenyonya vidole. Tulikubaliana hivi: mchanga wa kuchezea ni wetu, uko kwenye tairi kuukuu lenye kifuniko cha bati, na kifuniko kinarudishwa kila jioni. Kucha zinakatwa fupi. Mikono inaoshwa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Dawa ya minyoo anapewa kwenye kampeni ya matone ya vitamini A, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka; kuanzia mwaka mmoja mtoto anastahili kuipata, na kumbukumbu inaandikwa kwenye kadi. Ubishi ukaisha.

Wateja wangu nao wana maoni. "Fundi, huyu mtoto humwonei huruma?" Hiyo ni ya yule aliyemkuta amejaa machicha mpaka nyusi. Mwingine alikataa kukaa, akaogopa dela lake. Nimejifunza kupanga eneo: turubai moja kibarazani, mbali na mlango wa kazi, na kila kitu kinakaa juu ya turubai. Kikitoka nje ya turubai, mchezo umekwisha kwa siku hiyo. Sipigi kelele, nakunja turubai tu. Alilia mwanzoni. Sasa akiona kijiko kimeanguka pembeni, anakikimbilia mwenyewe kabla sijakiona.

Kuna watoto wasiotaka. Binti wa chumba cha pili, wa umri uleule, akiguswa na kitu chenye ute anakunja vidole na kulia, na mama yake alikuwa anamlazimisha, anamshika mkono na kuuzamisha. Nilimwomba aache. Tulimpa kijiko. Akachota kwa kijiko wiki kadhaa bila kugusa kitu. Mitandao husema mtie rangi kwenye mfuko wa plastiki wenye kufungwa, apapase kwa nje. Hapa kwetu chupa ya maji iliyotumika inatosha: wanga mwepesi, binzari, kifuniko kikazwe na kuzungushiwa gundi. Akaiviringisha, akaitikisa, akailalia. Mkono wake uliingia kwenye machicha siku aliyoamua yeye, wakati hakuna aliyekuwa anamwangalia isipokuwa mwanangu. Mpaka sasa tope halitaki, na hakuna aliyemwandikia deni.

Unga wa kuchezea, ule unaofinyangwa, nao tuliutengeneza, kwa idhini maalumu. Mama alikubali siku tulipokuta ngano imeingia wadudu. Niliuchekecha, nikachukua vikombe viwili, kimoja cha chumvi, vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vya mafuta, maji ya limau, nikausonga motoni kama ugali mpaka ukaachia sufuria. Aliyezoea kusonga ugali hahitaji kipimo zaidi, mkono utamwambia. Ukipoa ni laini kama donge la chapati, na haushikani vidoleni. Chumvi yake ni nyingi mno, kwa hiyo nilikaa karibu: kuonja kunamkomesha mtoto mwenyewe kwa ladha, lakini bonge zima tumboni si salama.

Alikata kwa kisu cha plastiki, akachoma matundu kwa kijiti, akapiga chapa kwa kizibo cha soda. Nilimpa mabaki ya vitambaa ayagandamize juu yake, na lesi ikaacha maua yake yote kwenye unga. Hapo ndipo aliponishika mkono akanipeleka kwenye kapu la mabaki achague vingine: satini ikatoa uso mtupu, gunia likatoa miraba. Akarudi kwenye gunia tena na tena. Kipande kile cha gunia sasa ni chake, analala nacho.

Kwenye kopo la kufunga vizuri unga ule hukaa wiki nyingi wakati wa kiangazi. Masika haustahimili. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, na mvua zilipokolea niliufungua nikaukuta unatoa jasho na kunata kama ulimbo. Kuku hawapewi, chumvi itawaua, kwa hiyo ulikwenda jalalani. Mama hakusema kitu. Ngano yenyewe ilikuwa na wadudu. Mvua zikikatika tutasonga mwingine, kama pipa la unga litakuwa limeharibika tena.